Joho la Mwenye Nyumba

Namkunda alipofunga kifungo cha mwisho, joho lilitetemeka kidogo, kama ngozi ya ng'ombe anapotuliwa na nzi, kisha likaanza kazi yake. Kwanza ilikuja harufu: jasho la mzee, sabuni ya mche, na tumbaku iliyoachwa zamani. Vinyweleo vya nguo ile, vidogo hata jicho haliwezi kuviona, vilitoa harufu hiyo taratibu, asubuhi kwa kipimo cha asubuhi na jioni kwa kipimo cha jioni, maana mtu hanuki namna moja kutwa nzima. Kisha nyayo zikaongezeka uzito, na mguu wa kushoto ukawa unaburuta kidogo. Mwisho akavuta kofia hadi kwenye paji la uso. Utando wa mwanga ukashuka mbele ya macho yake, mwembamba kama utando wa buibui wenye umande, na kwenye kioo cha bafuni akasimama mwanamume mwenye masharubu meupe na kovu kidevuni.

"Hawachoki," Namkunda aliita. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya yule mzee, nzito, yenye kikohozi ndani yake.

Nje ya mlango makucha yalisikika yakikwaruza sakafu. Alipofungua, mbwa mkubwa wa rangi ya majivu alimparamia, akamlamba mikono, akajilaza chali akingoja kukunwa tumbo. Hawachoki ni jina la mafumbo, la kuwasema majirani wasiochoka kusengenya, lakini mbwa mwenyewe hakuwa na ugomvi na mtu. Alikuwa na ile furaha ndogo ya kila siku, ya mbwa anayeamka na kumkuta bwana wake palepale alipomwacha.

Bwana wake hakuwa palepale. Injinia Barasa Wekhulo alikuwa mbali sana, chini duniani, Bungoma kwa ndugu zake, akitibiwa goti na kuzunguka kwenye makaburi ya watu wake. Aliyekuwa ndani ya joho ni Namkunda, binti wa Usangi katika milima ya Upare, mama wa mtoto mmoja, aliyekuja kulinda nyumba na kumtunza mbwa.

Nyumba yenyewe ilikuwa Kilele. Huo ni mji wenye umbo la gurudumu, unaoelea angani kwenye ncha ya Kamba Kuu, na unazunguka polepole ili miguu ya watu ishike sakafu. Kamba inaanzia Nanyuki, pale mstari wa ikweta unapopita, na vyumba viitwavyo vipandio huikwea siku baada ya siku vikibeba watu na mizigo. Nauli ya kipandio si ya mtu wa kawaida. Watu wa kawaida hufika Kilele kwa njia moja tu, nayo ni kumlindia mtu nyumba.

Mpango huo unaitwa Kaa-Kwangu. Mwenye nyumba anayetaka kusafiri humtafuta asiye na uwezo wa kusafiri. Huyu anapata nauli, kitanda na jiko. Yule anapata nyumba yenye mtu ndani na mnyama asiyekonda. Hakuna anayemlipa mwenzake. Kwenye nembo yao wameandika methali, mgeni njoo mwenyeji apone, na kweli wako wauguzi, makuli na wauza mitumba walioiona dunia nzima kwa kulisha paka wa watu.

Mtu angeuliza kwa nini mji wenye maroboti kila kona uagize mwanamke kutoka Upare kuja kulisha mbwa. Walijaribu. Roboti la nyumbani lilimimina chakula kwa wakati, likachana manyoya, likarusha mpira. Mbwa wakala siku mbili tatu, kisha wakalaza pua zao kwenye upenyo wa mlango na kuanza kukonda. Mnyama hadanganywi na kitu kisicho na mapigo ya moyo. Ndipo wataalamu wakagundua kuwa kinachohitajika ni mwili hai, wenye joto la kwapa, lakini uliovishwa mtu mwingine. Hivyo ndivyo lilivyozaliwa joho-mwenyeji.

Namkunda hakuja kutafuta mali. Alikuja kuona. Tangu yuko shule ya msingi, alfajiri anapoteka maji, alikuwa akiitazama Kamba Kuu upande wa kaskazini, uzi wa fedha na nukta za mwanga zikipanda juu yake kama siafu wenye taa. Wenzake waliizoea kama watu wanavyouzoea mlima. Yeye hakuizoea. Alijiuliza wanaopanda wanafikia wapi, na wakifika wanaangalia nini. Alipokuwa mkubwa, akazaa, baba wa mtoto akaenda zake kuoa kwingine, swali lile bado lilikuwa limekaa kifuani kama mgeni asiyeaga.

Akajiandikisha Kaa-Kwangu. Alianza na paka wa mwalimu mstaafu kule Lushoto, akaenda Eldoret kwa kasuku aliyekuwa akimtukana kwa Kinandi, akafika Nanyuki kwenyewe, chini ya Kamba, akamlisha kobe kabichi wiki nzima. Kijijini walimcheka. Walisema mama mtu mzima, mtoto mgongoni, anahangaika kulinda wanyama wa watu, kwani kwao hakuna mbwa. Mama yake, Bi Eliamani, aliwajibu kuwa kwao mbwa wapo, ila hawana madirisha ya kuangalia dunia.

Katika safari hizo fupi alimwacha mwanawe, Nakiete, kwa bibi yake, na alimwacha kwa desturi ya akina mama wengi. Mtoto mdogo haagwi, anatorokwa. Unamtuma akaangalie kuku kama wametaga, au bibi anamwonyesha ndege juu ya mti, na wewe huku nyuma unachukua mkoba na kupita upande wa jiko. Wanasema ukimuaga utamliza, na kilio cha mtoto kikikufuata njiani kinakuwa mzigo. Nakiete alilia hata hivyo, baadaye, kila alipogundua. Na kila mama yake aliporudi, alitoka mbio akiwa na ndala moja, akamchapa kibao cha paja kwa hasira, kisha akamng'ang'ania mgongoni hadi kesho yake, hata msalani hakubali kuachwa.

Kilele ilikuwa safari ndefu, toka mvua za vuli hadi za masika. Namkunda alikuwa karibu kukataa. Lakini shirika lilikuwa na jipya kwa walinda nyumba wenye watoto wadogo: joho la pili, la kuvaliwa nyumbani. Walimwita ofisini kwao Moshi, wakamketisha kwenye chumba cha mvuke hadi akatoka jasho, wakamrekodi akiimba nyimbo za kubembeleza mtoto, akinong'ona, akigomba, wakampima mwendo wake. Aliambiwa acheke, akacheka. Kisha wakampa Bi Eliamani kifurushi cha nguo nyepesi ya kijivu na maelezo ya kuifua.

Siku ya kuondoka Namkunda hakuhitaji hata kumtuma mtoto kwa kuku. Alitoka kupitia mlango wa jikoni, na yeye mwenyewe akaingia kupitia mlango wa mbele. Nakiete hakulia siku ile, wala siku yoyote iliyofuata.

Hayo ndiyo aliyojiambia huko juu, kila alipopata uzito moyoni: mtoto halii.

Uzito ulikuja mara nyingi. Sharti la kwanza la kazi ni kwamba joho halivuliwi mbele ya mnyama. Namkunda alikula ndani yake, akalala ndani yake, akapita mitaani ndani yake akimtembeza mbwa. Mahali pekee alipokuwa Namkunda ni bafuni, mlango ukiwa umefungwa. Hapo alijikagua mikono kama anayehesabu vyombo vya nyumba baada ya wageni kuondoka. Wakati mwingine alikaa kwenye ukingo wa beseni, hana la kufanya, akinusa kiwiko chake. Hawachoki angekwaruza mlango akimwita Barasa, naye angevaa, atoke, apendwe.

Jirani wa mlango wa pili alikuwa Mama Achola, mtu wa Siaya aliyezeeka Kilele, mpenda utani. Kila walipokutana kwenye bustani ya ndani alimsalimia vilevile.

"Injinia, habari ya masharubu? Leo naona umeyachana."

Namkunda angecheka, na kicheko kingetoka cha mzee. Mama Achola alikuwa mwema, alimletea omena, dagaa wa ziwani waliokaushwa, na kumfundisha bomba lipi linazingua. Lakini katika miezi yote hiyo hakuwahi kumuuliza jina lake.

Mchana Namkunda aliketi kwenye dirisha la mviringo. Dunia ilikuwa nzuri kupita alivyowaza, na alishukuru, hakuwa mtu wa kukana neema. Alijifunza kuitambua pwani, Kilimanjaro kama chembe ya chumvi, na chini yake kidogo mikunjo ya Upare. Akinyanyua kidole gumba aliifunika Usangi yote, pamoja na migomba, shule, mama na mtoto.

Kila alipoweza alipiga simu ya kioo nyumbani. Hapo palikuwa na sharti la pili: mtoto asione mama wawili. Basi Bi Eliamani alikisimamisha kioo jikoni, nyuma ya kopo la unga, na Namkunda akatazama kimya. Alimwona Namkunda akikoroga uji. Alimwona akiupuliza, akiuonja kwa ncha ya ulimi, akimfuta Nakiete kidevu kwa pindo la khanga. Nakiete alijipakata kwenye mapaja yale na kusinzia. Alikuwa ameongezeka maneno. Aliyasema yote kwa yule mwingine.

Karibu na mwisho wa muda wake, akili mnemba ya shirika ilimletea ujumbe. Kuna nyumba imepatikana Mji wa Mwezini, yenye paka wawili na bustani ya nyanya. Mwenyewe anaondoka kwa muda mrefu kuliko wa Kilele. Hakuna mlinda nyumba wa Upare aliyewahi kufika huko. Ilitakiwa ajibu kabla ya makabidhiano kumalizika. Sauti ile, tulivu kama ya muuguzi, ikaongeza kwamba taarifa za nyumbani ni nzuri: mtoto ana uzito wa kutosha, analala vema, hajakosa mlo, na kipimo chake cha huzuni hakijapanda hata mara moja.

Namkunda aliwaza siku hiyo yote na kesho yake. Alitafuta mtu anayeumia, hakumwona. Mama anayemwacha mtoto akilia ndiye wa kulaumiwa. Wa kwake halii. Akaona hata kukataa kungekuwa kuogopa kivuli tu. Jibu lilikuwa ndiyo, na lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi, siku Injinia Barasa aliporudi.

Makabidhiano yana utaratibu wake, kama wakimbiaji wanavyopokezana kijiti. Kengele ya mlango ikilia kwa namna fulani, mlinda nyumba anaingia bafuni na kuvua joho. Mwenyewe anaingia kwa mlango wa mbele. Mnyama hapati hata dakika ya kushangaa. Namkunda aliingia bafuni, akafungua vifungo. Alisikia mlango wa mbele ukifunguka, sanduku likitua, goti lililopona likipigwa sakafuni.

"Hawachoki. Hawachoki, mwanangu. Nimekuja."

Alitega sikio kusikia vurugu. Hakusikia kitu. Maji ya bomba yalidondoka, tena, na bado kulikuwa kimya.

Alipotoka, mzee alikuwa amepiga magoti katikati ya sebule, mikono ameitandaza, na mbele yake ameweka ubavu wa ng'ombe uliokaushwa kwa moshi, uliofungwa kwa jani la mgomba. Hawachoki alikuwa kwenye zulia lake. Alikuwa amefungua jicho moja. Aligonga mkia sakafuni mara moja, kwa adabu, kisha akalifumba.

Ndipo mbwa akasikia nyayo za Namkunda. Aliruka akasimama, manyoya ya shingoni yamemsimama, akajiweka kati yake na mzee na kuunguruma. Miezi yote ile alikuwa amelala juu ya miguu yake. Sasa alimwonyesha meno kama anavyoonyeshwa mwizi.

Mzee alimshika mbwa ukosi, akamtuliza. Wakabaki wakitazamana, mgeni na mwenyeji, wote wawili hawajapokewa.

"Shikamoo, mzee," Namkunda alisema.

"Marahaba." Alijibu kwa kuchelewa kidogo, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni. "Nyinyi Watanzania bado mnaamkia tu."

"Pole na safari. Lete mzigo."

Injinia Barasa alilitazama sanduku kana kwamba hajui ni la nani. Kisha akamwachia, na Namkunda akalipeleka chumbani, akalitua kando ya kitanda, kama ambavyo angefanya kwao, maana mtu hatoki safari akabeba mzigo wake hadi ndani.

Aliporudi mzee alikuwa ameketi. Alimweleza, bila haraka, kwamba mkewe alipokuwa hai ndiye aliyempokea. Alikuwa akisikia kipandio kimefika, anaweka chai, anasimama mlangoni na ulimi mkali, kwa nini umekonda, nani alikupikia. Alipofariki, kazi hiyo ikachukuliwa na mbwa. Safari moja kabla ya majoho kuanza, Hawachoki aligoma kula, akalia mpaka mtaa mzima ukalalamika. Lakini mzee aliporudi, mbwa yule alimwangusha palepale mlangoni, akajikojolea kwa furaha, na kwa wiki nzima hakukubali bwana wake aende hata dukani peke yake.

"Nikasema nimemtesa mnyama wa Mungu," alisema. "Nikasema safari nyingine sitamtesa. Nikachukua joho."

"Na hakuteseka, mzee. Nakuapia. Alikula vizuri, alicheza."

"Naona. Amenona." Alimpapasa mbwa kichwani, na mbwa akaukubali mkono kama unavyokubali upepo. "Ameniangalia kama mtu anayetoka chooni. Na kweli, kwake yeye nilikuwa natoka chooni. Hakuteseka, binti yangu. Na mimi sijarudi."

Namkunda alimwambia atazoea.

"Azoee nini? Hana la kuzoea. Mimi nilikuwa nahesabu vituo kwenye kipandio kama mtoto wa shule anayefunga muhula, yeye hajui kama niliondoka." Akacheka kidogo, kicheko ambacho Namkunda alikijua vizuri kuliko chake mwenyewe. "Nakuonea wewe bure. Umefanya kazi yako. Una watoto?"

"Mmoja. Wa kike. Anaanza kuongea."

"Umemwacha na nani?"

Namkunda alifungua mdomo aseme amemwacha na bibi yake. Neno lililokuja lilikuwa jingine.

"Na mimi," alisema.

Mzee akainuka kwa goti lake jipya, akaenda jikoni kutafuta sufuria ya chai, akimwachia sebule.

Namkunda alichukua kioo, akapiga nyumbani. Ilikuwa saa ya uji wa jioni. Aliyepokea alikuwa na uso wake, nywele zake alizozisuka kabla ya vuli, na kitone kile cheusi chini ya jicho.

"Mama, vua hilo joho."

Uso wake mwenyewe ukamkunjia ndita. "Kuna nini? Shirika wamesema?"

"Hakuna aliyesema. Livue tu. Yuko wapi Kiete?"

"Yuko hapo nje na kuku. Namkunda, nikilivua atakutafuta. Atalia, mwanangu. Wewe hujamsikia akilia kwa kukutafuta, unakuwa umeshaenda. Mimi ndiye hubaki naye."

"Najua. Mwache alie."

Namkunda aliuona uso wake ukitazama chini, midomo yake ikitetemeka, na hakuwahi kujua kwamba anapotaka kulia hufanana hivyo na mama yake.

"Nikwambie kitu," Bi Eliamani alisema, kwa sauti ya binti yake. "Hajaniita bibi tangu umeondoka. Ataniitaje, na mimi sipo? Siku za mwanzo alikuwa anauliza, bibi yuko wapi. Namwambia bibi ameenda sokoni. Soko gani hilo lisilofungwa. Sasa amechukua kilemba changu amekilaza kitandani kwangu, kila usiku anakifunika blanketi. Anakiambia, lala bibi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Ulikuwa unaitazama dunia. Nilisema tusikose wote; acha mmoja wetu aone."

Namkunda alisema tu, polepole, vua mama, na mama yake akaweka kioo nyuma ya kopo la unga kama kawaida na kuvuta kofia nyuma.

Utando ulizimika. Bi Eliamani alikuwa amekonda. Nywele zake zilikuwa zimeota mvi zaidi, zimelala kichwani kwa sababu ya kofia, na alikuwa akipepesa macho kama mtu aliyetolewa chumba cha giza. Alilikunja joho, akalisukumia chini ya meza. Kisha akaenda mlangoni, akasimama.

Namkunda hakumwona mtoto mara moja. Alimsikia. Ilikuwa sauti isiyo na neno, kama ya ndege aliyeshtuliwa, halafu neno likaja.

"Bibi! Bibi kaja!"

Nakiete aliingia kwenye kioo mbio, akajigonga kwenye magoti ya bibi yake hata mama wa watu akashika mwimo wa mlango asianguke. Akambusu sketi. Akamvuta mkono kumwonyesha kuku, kisha akaghairi akamvuta chumbani, akatoka na kile kilemba, akamrudishia. Akamuuliza amemletea nini kutoka sokoni. Bi Eliamani alikuwa ameketi chini sakafuni, mtoto mapajani, uso ameuficha kwenye shingo ndogo ile, na mabega yakimtikisika.

Ilichukua muda kabla mtoto hajageuza kichwa. Alitazama jikoni. Alitazama nyuma ya mlango.

"Mama?"

Bi Eliamani alinyoosha mkono, akakichukua kioo kutoka nyuma ya unga, akakiweka mbele yake. Akamwambia, huyu hapa mama, amesafiri, ana neno la kukuambia.

Namkunda alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi. Aliona uso wa mtoto umekuwa mkubwa kwenye kioo, kamasi, jino jipya, na yote yakamkimbia.

"Kiete. Mama alisafiri, hakukuaga. Mama yuko mbali, juu sana. Nakuja, mwanangu. Bado sijafika, lakini nakuja."

Mtoto alikitazama kioo. Akakigeuza kuona nyuma yake kuna nini. Hapakuwa na kitu. Alitazama tena mlango wa jikoni, ule ambao mama hutokea, kisha midomo yake ikapinda, kifua kikajaa, na kilio kikatoka, kirefu, cha mtu aliyekuwa anadai miezi.

Injinia Barasa alisimama kwenye mlango wa jikoni na vikombe viwili, akageukia dirisha. Masikio ya mbwa yalisimama. Namkunda hakukata simu. Aliketi sakafuni, mgongo kwenye ukuta, akamsikiliza mwanawe akilia kwa jina lake, na machozi yakamchuruzika bila yeye kuyafuta, lakini mikono yake, iliyokuwa baridi tangu vuli, ilianza kupata moto.

Akili mnemba ya shirika iliingilia kati. Ikasema kwa upole kwamba kipimo cha huzuni cha mtoto kimevuka mstari, na ikapendekeza joho livaliwe mara moja. Ikakumbusha pia kuwa nyumba ya Mwezini inasubiri jibu.

"Jibu ni hapana," Namkunda alisema. "Na huzuni yake iacheni. Ni ya kwangu."

Kipandio kilichofuata kilikuwa kinashuka siku iliyofuata. Mzee alimsindikiza hadi kituoni pamoja na Hawachoki, ambaye alikuwa ameacha kuunguruma na sasa alimnusa viatu kwa udadisi, kama anayeanza kumfahamu mtu mpya. Mama Achola naye alikuja, akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni, akasema kumbe ndani ya Barasa kulikuwa na msichana mzuri hivi. Kisha akamuuliza jina lake. Namkunda alimwambia, na yule mama akalirudia mara mbili ili lisimpotee.

Injinia alimwambia kwamba hakuna mtu atakayevaa tena joho lake. Akisafiri, atamuaga mbwa kwa mdomo, na mbwa akonde kidogo kama anataka kukonda. Namkunda alimpa mkono kwa mikono yote miwili.

Safari ya kushuka ni ndefu kuliko watu wanavyodhani. Kilele kilizidi kuwa kidogo juu, dunia ikapanuka chini, na Namkunda alikuwa na kiti kando ya dirisha. Alitazama kwa haki yake yote. Alipita mawingu ya kwanza ya masika akiwa ameshika kioo mkononi, na mama yake akiwa ndani yake, mwenye uso wake mwenyewe.

Bi Eliamani alimwambia mtoto ameamka analia, akala kidogo, akalia tena, akamchapa kuku. Sasa ameketi kizingitini anaangalia njia, na amekataa kuingia ndani. Uji wake umepoa.

Namkunda aliuliza kama amevaa sweta, maana Usangi jioni kuna baridi.

"Nimemvisha," mama yake alisema. "Anakungoja."